Kuvreli ya Spesiyoza

Mabinti zangu, na ninyi vijana wa kiume mlioingia kazi ya sindano bila kuona haya, mmeniomba niwaeleze tulivyofika kuuza vitambaa kwa watu wa ubalozi na wa mahoteli makubwa, wakati wenzetu walikuwa wanauza sokoni kwa kubembeleza. Nitawaeleza. Lakini siwezi kuanza na biashara. Kila nikiikumbuka ile kazi, kinachonijia kwanza ni siku moja kule Kigobe, mtaa wa wakubwa wa Bujumbura, niliposhtuka kweli.

Nilikuwa nimeitwa na kiliya, mteja wangu mkubwa kuliko wote. Simtaji jina, kwenye atelie, karakana yetu ya kudarizi, tulimwita Madamu wa Kigobe. Mume wake alikuwa mtu mzito serikalini, na kwao kulikuwa na wageni wa kula karibu kila wiki. Wageni wakila juu ya kitambaa chetu, kesho yake wake zao wananitafuta. Siku ile nilienda kupima meza mpya. Nilipomaliza, akaniambia nisubiri kidogo. Akaingia chumbani, akatoka amebeba kitu kimekunjwa vizuri, akakitandaza juu ya meza ile ile niliyotoka kuipima.

Ilikuwa kuvreli, lile shuka zito la kutandika kitandani mchana. Kitani cheupe, na pande zote nne kumezungukwa na matawi ya kahawa, majani ya kijani na buni nyekundu. Sikuhitaji kuisogelea. Zile buni tulizidarizi sisi wenyewe, na niliweza kumwonyesha mtu ipi ni ya mkono wangu na ipi ni ya mkono wa fundi mwenzangu Beatrisi, kwa sababu Beatrisi alikuwa anakaza uzi kama mtu anayefunga mbuzi. Pembeni, kwa herufi za kulala, kulikuwa kumeandikwa Spesiyoza.

Madamu akaweka kidole juu ya lile jina. Akasema, "Mama Estela, mi naomba unitolee hii jina. Lakini isionekane kama kulikuwa kitu."

Niliinama nikaanza kukunja utepe wangu wa kupimia. Spesiyoza alikuwa fundi wangu. Alikuwa anakaa mtaa wa Kamenge, na tangu Kamenge ilipopigwa vitani watu wakakimbia, hakuna hata mmoja wetu aliyejua kama yuko hai.

Ngoja sasa nirudi nyuma, mjue huyo Spesiyoza alikuwa nani na sisi tulikuwa nani.

Mimi nilizaliwa Uvira, Kongo, ng'ambo ya mpaka, nikaletwa Bujumbura na ndoa. Kudarizi nilifundishwa na sista mmoja Mbelgiji, mfupi, mkali, mwenye miwani ya kamba. Wengine walipokuwa wanamwonyesha kitambaa, yeye alikuwa anakigeuza kwanza, anaangalia mgongo. Akikuta fundo, anachukua mkasi na kufumua yote mbele yako, hata kama ulikuwa umebakiza jani moja. Nililia sana kwa yule sista. Alisema mtu anayejua vitambaa haanzi na uso, na mtu wa namna hiyo ndiye atakayekulipa vizuri. Basi shikeni hili: uzi hauanzi na fundo. Unaacha mkia, unaulaza chini ya hatua zako za sindano, unapotelea humo. Mkimaliza, mgongo uwe safi kiasi kwamba mgeni akikosea akatandika mgongo juu, aone haya kidogo tu.

Nilipoanza kujitegemea nilikuwa napanga vitambaa vyangu katikati ya mji, karibu na watu wa vinyago. Mzungu mmoja mwanamke akaja, akashika kitambaa cha meza, akakipapasa muda mrefu, macho yanang'aa. Akauliza bei. Nikamwambia bei ya chini kabisa, nisimkimbize. Akakirudisha polepole, akaenda zake. Nilishangaa mpaka nikamsimulia Sista. Sista akasema yule mama amefikiri ni kazi ya mashine, kwa sababu kwa bei ile haiwezi kuwa ya mkono. Akaniamuru nipandishe bei mara nyingi zaidi kuliko nilivyothubutu. Nilipandisha. Vikanunuliwa. Kwa kweli nilishtuka, nikaona aibu kama mtu aliyeokota kitu cha watu.

Na kuna siku tuliyoshtuka kwa kicheko. Tulipata komande, yaani oda, ya vitambaa vya mikono vya kulia chakula kwa balozi mmoja, na maua mekundu pembeni. Uzi mwekundu tuliununua haraka, hatukuuchemsha. Wageni walipojifuta midomo baada ya supu, rangi ikahamia kwao. Mabwana wazima wenye tai wakatoka mezani na midomo myekundu kama maharusi. Bahati yetu mke wa balozi alikuwa mtu wa kucheka. Alicheka mpaka akakaa chini. Tangu siku ile uzi mwekundu kwangu unachemshwa na chumvi na siki, unasuuzwa mpaka maji yatoke meupe, hata kama kiliya anasubiri mlangoni. Fanyeni hivyo.

Spesiyoza alikuja kwangu msichana, kutoka Kamenge, na alikuwa na mkono mwepesi kuliko wangu. Alikuwa na kawaida ya kunyamaza akifanya kazi. Akiinua kichwa kusema neno, sisi wote tunasikiliza. Alipopata mchumba, mwalimu wa shule ya msingi jina lake Silvestri, tuliamua kumfanyia kuvreli ya zawadi. Tulikuwa tunaifanya kila jioni baada ya komande za watu, bila kuhesabu saa wala nyuzi. Yeye tulimwambia ni ya kiliya. Aliidarizi nusu ya upande mmoja kwa mkono wake mwenyewe bila kujua ni yake, na akalalamika kwamba huyo kiliya anataka buni nyingi mno. Siku ya harusi, Beatrisi, aliyekuwa mkubwa wetu kwa umri na mwenye ulimi mkali kuliko sista, akaifungua mbele ya watu. Spesiyoza alipoona jina lake pembeni akakaa chini na gauni lake jeupe.

Nawaambia ukweli, ile kuvreli ndiyo iliyotufungulia milango. Kwenye harusi ile kulikuwa na wageni waliozoea kununua Ulaya. Waliigusa, wakaigeuza mgongo, wakaanza kuuliza nani kaitengeneza. Muda si mrefu tukaacha kukaa nje barabarani, tukapanga garaji ya nyumba moja kule Kinanira, tukawa na atelie yenye mlango na kioo. Tulikuwa tumezoea kufanya kazi kwa kukisia mteja atalipa nini. Ile moja tuliifanya kwa kumpenda mtu, na hapo ndipo tukajua mikono yetu inaweza nini.

Halafu vita vikaingia.

Sitawapa historia; mnayo nyumbani, kila familia na yake. Nitawaambia tu jinsi ilivyokuwa kwenye atelie. Mafundi wangu walikuwa wa makabila yote, na mitaa ikaanza kujichagua, huku wanakaa hawa, kule wanakaa wale. Mwanamke aliyekaa na mwenzake meza moja miaka mingi akawa hawezi kupita mtaa wa mwenzake akatoka mzima. Kuna siku mji wote ulikuwa unafungwa, mawe na matairi barabarani, watu walikuwa wanasema ville morte, mji uliokufa, na kweli ulikuwa kama maiti. Mimi, kwa kuwa ni wa Uvira na lafudhi yangu inanitangaza nikifungua mdomo kwamba si wa upande wowote, nilikuwa naweza kupita sehemu nyingi. Basi nikawa nabeba kitani na nyuzi kwenye kikapu, chini ya mchicha, nampelekea kila fundi kwake, na kurudi kuchukua. Kitambaa kimoja kilikuwa kinaanzwa mtaa mmoja na kumalizwa na mtu wa mtaa mwingine. Wao hawaonani, lakini uzi wa huyu unaanza ulipoishia wa yule.

Na sasa nawaambia jambo lililonishtua kuliko risasi. Biashara ilikua. Mi nilifikiri nitafunga mlango. Kumbe matajiri wa mji hawakuweza tena kusafiri ovyo kwenda kununua nje, na wageni wapya wakaja, watu wa mashirika ya misaada, wenye nyumba kubwa na jioni ndefu zisizo na pa kwenda. Wote walitaka meza nzuri. Nilikuwa nasikia mizinga upande wa milima, na hapo hapo mtu ananiuliza kama vitambaa vya mikono vitakuwa tayari Jumamosi. Nilikuwa najibu ndiyo, Madamu. Mafundi walikuwa wanakula kwa ile ndiyo.

Nchi jirani zilipotufungia mipaka, nyuzi za rangi zikaisha mjini. Ulikuwa unazunguka kutwa hupati hata kijani. Kilichobaki ni uzi mweupe wa cherehani. Beatrisi akaukunja mara mbili, akaupitisha kwenye nta ya mshumaa, akadarizi nyeupe juu ya nyeupe. Tulidhani wateja watatufukuza. Wakasema ni kitu cha kistaarabu, wakauliza tumeipata wapi hiyo fasheni. Mpaka leo watu wanaosifu kazi nyeupe ya Bujumbura hawajui kwamba ilizaliwa na ukosefu wa uzi. Mkikosa kitu msifiche kama mnaficha kidonda. Tengenezeni hicho mlichonacho mpaka kionekane kimechaguliwa.

Lakini Spesiyoza hakuiona hiyo kazi nyeupe. Kabla ya hapo Kamenge ilikuwa imezingirwa, ikapigwa, na watu wakatoka kwa maelfu kupanda milimani na vichwa vyao tu. Nilipoweza kufika, niliona nyumba zimebaki kuta. Mabati yameng'olewa, madirisha yameng'olewa, hata fremu za milango hakuna. Kwa Spesiyoza nilikuta jiko lililopasuka, na majani yalikuwa yameanza kuota pale walipokuwa wanalala. Nilisimama pale kama mtu aliyesahau alichokuja kufanya. Kwenye kikapu nilikuwa na komande yake.

Sasa mnaelewa kwa nini kule Kigobe nilikuwa nakunja utepe tu.

Nilimwambia Madamu kwamba kazi ya kufumua inataka mwanga wa mchana na utulivu, nikaomba niibebe. Hilo halikuwa uongo. Kufumua jina kwenye kitani ni kazi ngumu kuliko kuliandika: unakata upande wa mgongo, unavuta hatua moja moja kwa kibanio, kisha unasugua matundu kwa kucha ukiwa umelowesha kidogo, mpaka nyuzi za kitani zijirudie mahali pake. Nilijua kuifanya. Nilijua ningeifanya pasionekane kitu. Na hilo ndilo lililonitisha.

Nilipoitandaza kwenye atelie, wanawake waliweka sindano chini. Mmoja akatoka nje. Wengine wakaanza kusema maneno ambayo siku zile mtu angeweza kuuawa kwa sababu yake, kwamba hao wakubwa ndio wanaolalia vitu vya watu waliokufa. Beatrisi peke yake alinyamaza, na Beatrisi kunyamaza lilikuwa jambo la kuogopesha. Alipapasa lile jina, akasema kama nikilifumua, yeye hatakaa tena meza moja na mimi. Wengine wakanikumbusha upande wa pili: Madamu akikasirika, komande za Kigobe zinakwisha, na baadhi ya mafundi ndio pekee waliokuwa wanalisha nyumba zao. Na mume wake hakuwa mtu wa kuchezea.

Nilirudi Kigobe na kuvreli kama ilivyokuwa. Nilimwambia Madamu kwamba nitamtengenezea nyingine, nzuri kuliko ile, bila malipo, lakini ile siwezi kuigusa. Akauliza kwa nini.

"Iko na mwenyewe," nikasema. "Alikuwa fundi yangu. Ni sisi tulimufanyia, siku ya ndoa yake."

Akakaa. Akaniambia aliinunua kwa mwanamke mmoja aliyekuja kuuza vitu mlangoni, kwamba hakuuliza imetoka wapi, kwamba siku hizi nani anauliza. Halafu uso wake ukabadilika, akawa mkali. Akataka kujua huyo mwenyewe yuko wapi. Nikasema sijui. Akauliza kama ni mzima. Nikasema sijui.

"Basi utamupa nani?" akasema.

Akaichukua kuvreli mezani, akaingia nayo ndani, na mlinzi akanifungulia geti. Nilishuka kwa miguu mpaka mjini. Nilikuwa na hakika kwamba nimemaliza kazi yangu yote kwa dakika chache, na huenda nimejitafutia makubwa zaidi.

Siku chache baadaye shoferi wa Kigobe akasimamisha gari mbele ya garaji. Wanawake wakakimbilia nyuma. Akanikabidhi kifurushi, akasema ametumwa kuleta tu, hakuna jibu linalongojwa. Ilikuwa kuvreli, imefuliwa na kupigwa pasi. Madamu hakutoa komande tena, na rafiki zake wengi wakamfuata. Tulipitia miezi migumu. Kilichotuokoa ni wageni wa mashirika na ile kazi nyeupe. Kwa hiyo msitegemee mlango mmoja hata kama ni wa dhahabu. Hilo nililijua kwa njaa.

Kuvreli tuliiweka ndani ya sanduku na majani makavu ya kufukuza nondo.

Spesiyoza alirudi asubuhi moja ya kawaida. Nilikuwa nakata kitani, nikaona mtu amesimama mlangoni amenitupia kivuli, nikamwambia asogee, ananizuia mwanga. Akasogea. Mwanamke mwembamba, amezeeka, na mtoto wa kike wa kutembea ameshika nguo yake. Beatrisi alimtambua kabla yangu, na yeye ambaye hakuwahi kulia mbele yetu alilia kwa sauti kama amefiwa.

Tulimkalisha, tukampa chai, tukampa mtoto mkate. Jina la mtoto lilikuwa Dorika. Mara ya mwisho tulimwona akiwa wa kubebwa. Alituambia walikaa milimani, kisha kambini, kisha mbali zaidi, na kwamba sasa watu wameanza kurudi Kamenge. Silvestri hakumtaja, na sisi hatukuthubutu kuuliza. Ndipo mmoja wetu, kwa furaha, akakimbilia sandukuni. Tukaitandaza kuvreli mbele yake, matawi na buni zote, na jina lake. Tulikuwa tunangoja afurahi. Mmoja akaanza kumweleza jinsi walivyomwibia na jinsi Mama Estela alivyoirudisha.

Spesiyoza akainua kichwa, na kama zamani sote tukasikiliza.

"Hakuna mutu aliniibia," akasema. "Mi niliitoa na hii mikono yangu."

Akaeleza bila kupandisha sauti. Walipokimbia hakubeba sufuria wala nguo, alimfunga Dorika mgongoni kwa ile kuvreli kwa sababu ndiyo iliyokuwa karibu na mkono. Njiani wakakuta barieri, kizuizi cha barabarani. Wenye bunduki walikuwa wanachagua watu, wengine pembeni. Mmoja wao akaishika kuvreli, akaipapasa, akaigeuza. Spesiyoza akamfungua mtoto pale pale, akamwambia aichukue, na awaache wapite wote watatu, baba, mama na mtoto. Yule mtu aliangalia kuvreli, akawaangalia wao, akafikiri kama mtu anayepatana bei.

"Ilitosha watu wawili," Spesiyoza akasema.

Mimi nilikuwa nimezoea kuwaambia wateja kwamba kazi yetu haina bei. Nilikuwa nalisema kwa tabasamu, na lilikuwa linauza sana. Sijalisema tena tangu siku ile.

Baadaye nilipanda Kigobe, nikamwambia Madamu kwamba mwenyewe wa kuvreli amepatikana, na namna kitambaa kilivyotoka mikononi mwake. Alinisikiliza akiwa amesimama. Aliuliza kitu kimoja tu, kama mtoto ni mzima. Nikasema ni mzima. Akafunga mlango polepole, na kwa mwaka mzima sikusikia kitu. Kisha akaanza tena kutuma watu kwangu, yeye mwenyewe bila kununua hata leso.

Lakini asubuhi ile ya kurudi kwake, Spesiyoza alisema tuiuze. Alisema hataki kulala ndani yake, na mabati ya kuezekea Kamenge hayaokotwi. Nilimwelewa. Nilijua pia nani angeinunua na kwa bei gani, kwa sababu kichwa cha mfanyabiashara hakipumziki hata mahali kama pale. Tukaanza kuongea mambo ya mabati na mbao, kwa sauti za chini, tukimpisha kila mmoja aseme, kwani ilikuwa rahisi kuliko kuongea yale mengine.

Tulipogeuka, Dorika alikuwa amepanda mezani. Alikuwa ametembea tangu alfajiri. Amemaliza mkate wake, amelala katikati ya kuvreli, amejivutia pembe moja mpaka shingoni, na amekwisha kupotea usingizini.

Beatrisi alinyoosha mkono amtoe, kitani kisichafuke. Spesiyoza akamzuia. Alimtazama mtoto muda mrefu, akavuta kiti, akakaa, akaniuliza kuko komande gani ya haraka.

Nikampa kitani na uzi mweupe. Akautazama ule uzi, akashangaa rangi zimekwenda wapi. Tulikuwa tukimweleza, wote kwa pamoja, alipokuwa tayari ameanza.

Mabati tulichanga. Kuvreli hatukuiuza.